Koa wa msituni siye aliyekula lengalenga zako

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya akina mama wanaolima mboga kama lengalenga, yaani mchicha, na wanafunzi wa sekondari, katika ukumbi wa parokia moja hapa Bukavu. Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua inapiga mabati, na mara mbili ilibidi ninyamaze kwa sababu hakuna aliyenisikia. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.

Jambo kwenu, mama zangu na papa zangu. Jambo, vijana.

Mama aliyenialika alinipa kazi moja tu: "Mwalimu, kuya utuambie dawa ya kuua ile midudu ya ute inatumaliziaka mboga." Dawa nitaitaja, mama, usiwe na wasiwasi. Ila mnivumilie kwanza nimtambulishe mshitakiwa, maana nina shaka kwamba miaka yote hii tumekuwa tukimkamata mtu ambaye siku ya wizi hakuwapo.

Mshitakiwa ni huyu ndani ya chupa. Nimemwokota jana usiku nyuma ya nyumba yangu, chini ya mgomba ulioanguka ukaoza. Sikumtoa kwenye mbuga ya Kahuzi-Biega, kule hata jani hutoki nalo. Akijinyoosha anapita kidole changu cha kati. Rangi yake ni kama kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, na ubavuni ana mistari miwili ya giza. Kamusi inamwita koa. Sisi mtaani tunamwita konokono bila nyumba, na jina hilo lina maana kubwa kuliko tunavyodhani. Nitalirudia.

Vijana wa mbele, shikeni kioo hiki. Ni kipande cha dirisha, msijikate. Koa yuko juu yake. Msimtazame kwa juu, inameni mumtazame kwa chini, kupitia kioo. Mnaona? Tumbo lote ni wayo mmoja. Na ndani ya wayo kuna mistari myembamba ya kivuli inayotembea. Inaanzia mkiani inakwenda kichwani, mmoja ukifuata mwingine, kama viwimbi vya ziwa asubuhi kabla ya mitumbwi kulivuruga. Hakuna mguu unaopiga hatua, na mwili hauruki, lakini mtu wetu anasogea. Kila mstari ni kipande cha msuli kilichojikunja na kusogea mbele kidogo, halafu kinatulia, na kingine kinapokea.

Kati ya wayo na kioo kuna ute mwembamba kuliko karatasi, na siri yote iko humo. Ute huo ukitulia ni gundi. Ukisukumwa kwa nguvu unalegea kama maji, na nguvu ikiisha unarudi kuwa gundi. Kwa hiyo pale wimbi linapopita, wayo unateleza. Pale ambapo hakuna wimbi, wayo umeshika. Ndiyo maana anapanda kioo, anapanda mti, anatembea kichwa chini kwenye dari la choo chako, na haanguki. Mwaka 2017 watafiti wa Harvard walitangaza gundi ya kubandika majeraha hata penye damu na maji, na wazo walilipata kwa koa mmoja wa Ulaya, Arion subfuscus, ambaye akichokozwa hutoa ute unaonata vibaya sana. Mama anayesema "ute wa huyu mdudu hautoki mkononi hata kwa sabuni" amekwisha kufanya nusu ya utafiti huo.

Sasa tazameni ubavu wake wa kulia, nyuma kidogo ya kichwa. Tundu hilo linalofunguka na kufumba ndiyo pua yake. Liko upande mmoja tu. Pembe ni nne: mbili ndefu za juu zina macho nchani, macho ya kutofautisha mwanga na giza zaidi kuliko kusoma gazeti, mbili fupi za chini ni za kunusa na kuonja. Ukiigusa pembe, inaingia ndani yenyewe kama kidole cha soksi kilichovutwa. Ikikatika huota nyingine. Tafadhali, wewe mwenye shati la bluu, usijaribu.

Tuje kwenye nyumba. Mababu wa koa walikuwa nayo. Wengine mpaka leo wanaficha kipande: koa wa jamii ya Limax, chini ya ngozi ya mgongo ana kigae kidogo cheupe, mfano wa ukucha wa mtoto, ambacho hakimkingi na jua wala nyoka. Wengine wamebaki na punje za chokaa tu. Wengine hata punje hawana. Na nyumba hiyo haikupotea kwa babu mmoja, ikaisha hapo. Ilipotea mara nyingi, katika koo zisizojuana, kwenye mabara mbalimbali. Jambo likijirudia namna hiyo, ujue kuna aliyepata faida.

Faida ya kwanza ni chokaa. Kombe la konokono hujengwa kwa chokaa, na mahali penye mvua nyingi chokaa huoshwa ardhini mwaka hadi mwaka. Kujenga nyumba kwenye ardhi kama hiyo ni kama kujenga Bukavu bila simenti: inawezekana, lakini utachoka. Faida ya pili ni upenyo. Konokono mwenye kombe kubwa hawezi kuingia chini ya gome la mti au ndani ya ufa wa gogo. Koa anaingia palipo na nafasi ya unene wa ulimi, na huko ndani ndiko kuliko na uyoga, unyevu na usalama.

Gharama yake ni maji. Sehemu kubwa ya mwili wa koa ni maji, na ngozi yake haiyazuii. Jua la saa sita kwake ni kaburi. Kwa hiyo anaishi kwa ratiba kali: usiku, alfajiri, siku ya mawingu, msimu wa mvua. Kiangazi chetu cha mwezi wa sita hadi wa nane anajificha chini kabisa, anajikunja na kusubiri. Aliyeuza nyumba yake sharti akae kwenye mtaa wenye unyevu, na akitolewa kwenye mtaa huo hana pa kwenda. Mkilisahau kila kitu, hilo nawaombeni mlishike, kwa sababu makoa wakubwa wote duniani wana kisa hichohicho.

Mkubwa kuliko wote anaishi Ulaya. Jina lake ni Limax cinereoniger, mweusi wa majivu, mwenye mstari mweupe katikati ya wayo. Kwa kawaida ana sentimita 10 hadi 20, na amewahi kufika 30, yaani rula nzima ya shule. Huyu hamtamkuta bustanini akitafuna kabichi. Anakula uyoga, na kuvumwani, ile ngozi ya kijivu inayobandika kwenye magome. Kule Uingereza wapenda maumbile wakimkuta mahali, wanajua msitu huo ni wa zamani, haujawahi kufyekwa ukapandwa upya. Hasafiri, huyu. Msitu ukikatwa, ukaota mwingine baada ya miaka hamsini, yeye harudi na ndege.

Anayemfuata ni koa wa ndizi, Ariolimax, wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, kuanzia Alaska hadi California. Anafika sentimita 25 na mara nyingi ni wa njano kabisa, utadhani ndizi mbivu iliyosahauliwa chini ya mti. Anakula majani yaliyooza, uyoga na mavi ya wanyama, na ute wake ukiulamba ulimi unakufa ganzi. Msiniulize nani alilamba wa kwanza. Wanafunzi wa chuo kikuu cha California kule Santa Cruz walimpenda hata wakamng'ang'ania awe nembo ya timu zao. Wakubwa wa chuo walitaka mnyama wa heshima zaidi, lakini mwaka 1986 wakakubali yaishe.

Wa tatu ni wa mlima Kaputar, Australia. Ana rangi ya waridi, ile ya kanga mpya kabla ya kufuliwa, na anafika sentimita 20. Usiku wa mvua hupanda miti kulamba mwani wa kijani kwenye magome. Haishi popote pengine duniani isipokuwa juu ya mlima huo. Mlima wenyewe ni volkano iliyozimika zamani. Zamani nchi yote ile ilikuwa na msitu wenye unyevu. Ikakauka, na unyevu ukabaki kileleni, pamoja naye. Moto mkubwa wa mwaka 2019 kuingia 2020 uliuunguza mlima, watu wakadhani amekwisha, lakini mvua iliponyesha baadhi walitokeza tena kutoka kwenye nyufa za miamba.

Volkano iliyozimika, yenye msitu wa unyevu juu yake, na chini yake nchi iliyofyekwa. Mmekwisha kujua ninakoelekea. Kahuzi na Biega, milima ya mbuga yetu, ni hivyohivyo.

Miaka ile nilipokuwa nikipeleka wanafunzi Tshivanga, kwenye lango la mbuga, tulipita kijiji cha Miti, ambapo miti iliyobaki wakati huo ilikuwa mikaratusi zaidi. Ukishaingia mbugani hewa inabadilika mara moja. Wageni wote macho yao juu, wanatafuta gorila, na haki yao, wamelipa. Mimi nilikuwa natembea macho chini, na mlinzi mmoja alinicheka sana: "Mwalimu, umepoteza funguo?" Asubuhi moja, kwenye gogo lililolala katikati ya mianzi, nilimkuta koa mkubwa kuliko huyu wa leo, amejikunja juu ya uyoga mweupe. Nilikaa chini. Alikuwa anakula kutoka chini ya kofia kwenda juu, kichwa kinapanda na kushuka kama mtu anayepiga deki. Kinywani koa ana ulimi wenye maelfu ya vijino vidogo, anaparuza kama tunavyoparuza nazi. Baada ya kama dakika ishirini kofia ilibaki na upande mmoja, naye akaondoka huku ute wake ukiwa na vumbi la uyoga. Vumbi hilo ndiyo mbegu za uyoga. Zingine zimo tumboni, atazitoa mbele ya safari, juu ya gogo lingine. Msafara wetu ulikuwa umekwisha kuniacha. Walioona gorila siku hiyo walikuwa wengi, mimi sikumwona.

Makoa wetu hawa wengi ni wa familia iitwayo Urocyclidae, na hii ni familia ya kwetu: Afrika kusini ya Sahara, pamoja na Madagaska na Komoro. Ndani yake wamo wenye nyumba na wasio na nyumba, ndugu kwa ndugu. Makoa wake wana alama nzuri: nchani mwa mkia kuna kishimo cha ute, na juu yake kijipembe. Huyu anacho, njooni baadaye mtazame. Jina hilo lilianza mwaka 1864, Mwingereza mmoja wa makumbusho ya London, Gray, alipompa koa wa upande wa Zambezi jina la Urocyclus kirkii, kwa heshima ya John Kirk. Ni Kirk yuleyule aliyesafiri na Livingstone, baadaye akawa balozi Zanzibar na kuhangaika na biashara ya watumwa.

Kwa Kongo, kazi kubwa ilifanyika kati ya 1909 na 1915, watafiti Lang na Chapin walipozunguka kaskazini-mashariki ya nchi wakikusanyia makumbusho ya New York kila kilicho hai. Konokono na makoa wao alipewa mtaalamu wa konokono, Pilsbry, akavichapa mwaka 1919. Halafu mwaka 1977 Mbelgiji Van Goethem akapitia makoa wa familia hii upya, mmoja baada ya mwingine, kwa kutumia chupa za makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Sitaki kuwadanganya, vijana: chupa zetu nyingi ziko kule, si hapa.

Na kuweka koa kwenye chupa si mchezo. Nilipoanza ualimu niliokota mmoja mzuri sana upande wa Kabare, mrefu, mwenye madoa. Sikuwa na alkoli ya maabara. Nikanunua kanyanga. Ndiyo, chekeni. Nilimtumbukiza akiwa hai. Alijikunja palepale kama nyama iliyoanguka kwenye mafuta ya moto, akatema ute wote aliokuwa nao, ute ukaganda mweupe kama yai, na kesho yake ndani ya chupa kulikuwa na kifundo cha kijivu kisicho na kichwa wala mkia. Nilikipeleka kwa mtaalamu mmoja huko Lwiro, kwenye kile kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947. Alikitazama, akakitikisa, akaniuliza kama ni korosho. Ndipo nikafundishwa: unamzamisha kwanza kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, chupa imejaa mpaka juu bila hewa, anakufa akiwa amejinyoosha, kisha ndipo alkoli. Na hata hivyo rangi itapotea. Jina lake la mwisho huwezi kulisoma mgongoni, linasomwa tumboni, kwenye viungo vya uzazi, kwa kupasua. Ndiyo maana huyu wa leo nawapa jina la ukoo tu. Sina nia ya kumpasua.

Kwa kuwa nimetaja uzazi, na padri ametoka kidogo, niseme haraka. Koa ni huntha: kila mmoja ni baba na mama. Wakikutana, wote wawili hutoa na wote wawili hupokea, na kila mmoja anakwenda kutaga mayai yake, mapande ya kioo chini ya gogo. Yule Limax maximus wa Ulaya, mwenye madoa kama chui, anafanya makubwa zaidi: wawili hupanda mti, hujizungusha kama kamba, wakajishusha hewani kwa uzi wa ute, na pale wakining'inia, viungo vyao vinatoka karibu na kichwa na kufunuka pamoja kama ua la rangi ya samawati. Padri amerudi. Tuendelee.

Nani anamla koa? Wengi: kirukanjia, mende wa ardhini, ndege wanaofukua majani, na watoto wa kimulimuli. Ndiyo, kile kimulimuli mnachokikimbiza jioni, utoto wake ameutumia kula konokono na makoa. Lakini fundi wao ni nyoka mdogo wa jamii ya Duberria, anayepatikana nyanda za juu za mashariki na kusini mwa Afrika. Hana madhara kwa mtu. Anafuata njia ya ute kwa ulimi mpaka amfikie mwenyewe. Ukimshika hajitetei kwa meno, anajiviringa kama tumbaku iliyosokotwa, na Makaburu wa Afrika Kusini wamempa jina kwa hilo. Mama, ukimkuta kwenye tuta lako ukamwua, umemfukuza kazi mlinzi asiyelipwa.

Basi, mwizi wa mboga ni nani? Nimekwenda na tochi kwenye mashamba matatu ya hapa chini, mama mwenyekiti shahidi. Tuliowakuta juu ya lengalenga na kabichi ni vidogo, vya rangi ya udongo, urefu wa kiungo cha kidole. Jamii kama hii, Deroceras, imezunguka dunia ndani ya vyungu vya miche, na inapenda palipofyekwa, penye maji na majani laini. Yupo pia bapa mwenye ngozi kama ya kiatu, mgongo wote kipande kimoja, hana lile tundu la ubavuni: huyo Laevicaulis alte, Mwafrika aliyehamia mpaka Asia na visiwa vya Pasifiki, na anakula bustani kila anakofika. Huyu mrefu wa chupa nimemwekea jani la kabichi usiku kucha. Asubuhi jani zima. Kipande cha mgomba uliooza ndicho kilichoparuzwa.

Dawa sasa. Chumvi: hapana. Inamnyonya maji mpaka afe, kweli, na mvua ikija inaunguza udongo wako. Majivu yanafaa yakiwa makavu, na nani hapa ana majivu makavu mwezi wa kumi? Vile vidonge vya metaldehidi vinaua, na vinaua pia mbwa na ndege. Uingereza imevikataza nje ya nyumba tangu 2022. Kinachofaa ni hiki: mwagilia asubuhi, usimwagilie jioni. Laza vipande vya mgomba kati ya matuta, asubuhi vigeuze, utawakuta wamejipanga, wape bata. Na zika kikombe cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, mdomo wake usawa wa ardhi. Harufu ya chachu inawavuta kutoka mbali, wanaingia, hawatoki. Kikombe kimoja, papa, cha makoa. Nimeona mmeanza kuangaliana.

Na majani ya kula mabichi, saladi, kabichi, yaosheni moja moja kwa maji yanayotiririka. Kuna mnyoo wa mapafu ya panya, Angiostrongylus, anayepitia kwa makoa na konokono. Mwaka 2010 kijana mmoja wa Sydney alimeza koa kwa kutaniwa na wenzake; mnyoo ukapanda ubongoni, akapooza, na baada ya miaka minane akafa. Kumshika si kosa, nawa mikono tu. Kichocho ni habari nyingine, kinaletwa na konokono wa majini, msimsingizie huyu.

Kuna binti aliuliza kama koa ana kazi yoyote mjini. Mwaka 2019 kule Kyushu, Japani, mmoja aliingia kwenye sanduku la umeme la reli, akaungua, na treni 26 zikasimama. Hapa kwetu umeme ukikatika tusimtafute koa, sababu tunazo nyingine.

Swali la mwisho lilitoka kwa papa mmoja wa nyuma, anayechoma makala, yaani makaa: "Mwalimu, mimi nikikata mti mmoja, huyu anapungukiwa nini?" Nikamwambia mti mmoja unaacha dirisha, jua linaingia mpaka kwenye gogo, gogo linakauka, uyoga hauoti. Akauliza nitajuaje. Nikamwambia tutakwenda kuhesabu, yeye na mimi.

Basi wanaotaka kuja, Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni, mlango wa nyuma wa ukumbi huu. Tutaanzia kwenye mgomba wangu, halafu bonde la chini. Leteni tochi, mfunike kioo chake na karatasi nyekundu ya pipi ili tusiwatishe. Na vaeni mabuti, njia ya pale nyuma ya choo mnaijua.